Kijiti: wimbo wa sherehe wenye maiti ubeti wa kwanza

Tazameni tazameni alivyofanya Kijiti,
Kumchukua mgeni kumchezesha foliti,
Kenda naye maguguni kamrejesha maiti.

Ukiwa mtu wa mwambao, mistari hii imeshakupita masikioni mara nyingi, na huenda umeiitikia kwa sauti. Wengi wetu tumeipata kwa Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyeendelea kuiimba hadi uzeeni kwa ile sauti nzito yenye mikwaruzo. Alifariki Aprili 2013. Yeye aliipata kwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki 1950. Kutoka kwa hao wawili wimbo umeingia redioni, kwenye kanda na sasa kwenye simu, na kila unakofika watu huinuka kucheza. Neno "maiti" limo mstari wa tatu. Hakuna aliyelificha.

Kisa ninachokichambua ni cha mtu mmoja aliyeupenda wimbo huu tangu utotoni, akaja kuambiwa maana yake akiwa kazini, katikati ya sherehe ya watu. Ni rafiki yangu, dijei wa shughuli za harusi hapa Dar es Salaam. Kijiti alikikuta kwenye kanda za marehemu baba yake, na kwa miaka yote ya kazi yake kimekuwa kimoja cha vile vyuma anavyoviamini: ukumbi ukipoa, anakitia, wamama wanasimama.

Siku hiyo ilikuwa sherehe ya kumuaga binti anayeolewa Unguja. Wakwe walikuwa wamevuka na boti tangu asubuhi. Dijei wetu, kwa nia njema kabisa, akaona wageni wa Zanzibar wapokewe na wimbo wa Zanzibar, akakiweka Kijiti pale wakwe walipokuwa wakiingia. Ukumbi ukalipuka. Shangazi wa binti akatoa noti za kutunza. Katika ule msafara wa wakwe, bibi mmoja wa makamo ya juu hakucheza. Alitafuta kiti, akakaa, akamwacha mjukuu amshikie mkoba, kisha akainuka polepole akaenda moja kwa moja kwenye mashine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nani kakwambia upige huu?"

"Nimeuchagua mwenyewe, bibi. Si wimbo wa kwenu?"

"Wa kwetu, ndiyo. Aliyekufa ndiye wa kwenu. Katoka Dar es Salaam, kaja Unguja, karudi maiti. Leo mnatupa mtoto wenu tuvuke naye, nawe unatuimbia Kijiti?"

Dijei akaushusha wimbo taratibu, akatia mwingine, na mshereheshaji akaendelea kana kwamba hapakuwa na jambo. Nadhani watu wasiofika kumi ndio waliogundua kwamba kuna kitu kimepita. Lakini yeye hakulala vizuri. Alinipigia simu akitaka kujua kama ni kweli, au ni yale ya wazee kuona mkosi kila mahali.

Ni kweli. Bibi hakuongeza chumvi.

Kabla ya kueleza yaliyotokea, inafaa tuone dijei alikuwa akisikia nini miaka yote hiyo, kwa sababu hakuwa mjinga wala msikilizaji wa juu juu. Yeye alikuwa na tafsiri yake. Foliti ni mchezo wa watoto wa kukimbizana, na kijiti ni cha kupokezana mbio. Kwa hiyo alisikia wimbo wa mchezo, wa kijana mtundu anayemzungusha mgeni wa mjini. Na "maiti"? Hapo alisema fumbo. Mgeni kachoka hoi, kalewa mapenzi, kafa kwa huba. Amesikia nyimbo ngapi ambamo mtu anakufa kwa mapenzi na kesho yake yu hai? Akaongeza kwamba mwenzake mmoja wa kazi alikuwa na tafsiri nyingine kabisa: kwamba magugu ni ndoa, na Kijiti ni mwanamume yeyote anayeoa na kutelekeza.

Tafsiri zote mbili zina akili, na zote zimekosea kwa sababu ileile. Taarabu tumeizoea kama sanaa ya kusema bila kutaja. Kizazi chetu kimekulia kwenye mipasho ya miaka ya 1990, ya vikundi kama TOT na East African Melody, ambako raha yote ilikuwa kubahatisha nani kapigwa kijembe. Msikilizaji wa namna hiyo akikutana na neno "maiti" haamini kwamba ni maiti. Anatafuta kilicho nyuma yake. Kijiti hakina kitu nyuma ya maneno. Wimbo unataja mtu, unataja mahali, unataja mashahidi, unataja hakimu na hasira zake. Ni taarifa. Kilichopotea ni ile habari ambayo msikilizaji wa kwanza alikuwa nayo kichwani kabla udi haujapigwa, na ambayo kwa hiyo haikuwa na haja ya kuimbwa.

Habari yenyewe, kama wazee wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida kando ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, walivyoisimulia kwa wanahistoria, ni hii. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Wenyeji wake wa kike, Sumaili na mwenzake binti Subeti, walitoka naye kwenda ngomani, na Kijiti akiwemo. Walibeba pombe. Wimbo unasema ngoma ilikuwa Chukwani, kusini mwa mji, na mauti yakawa Sharifumsa. Kijiti alimchukua yule mgeni hadi maguguni, akamwingilia kwa nguvu, akamuua. Mwanamke alikuwa mjamzito, na wimbo hauliachi hilo: unasema wazi kwamba tumboni mlikuwa na mtoto. Kijiti akatoroka, akakihama kisiwa. Wale wanawake wawili wakaenda mahakamani kusema walichokiona, na hasira ya mahakama ikawaangukia wao, kwa kuwa ndio walionunua pombe na ndio waliomtoa marehemu nyumbani.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho, maana wimbo mzima umesimama juu yake. Mwuaji hakutiwa mkononi. Walioadhibiwa ni mashahidi.

Sasa usikilize ubeti wa mahakama ukiwa na habari hiyo. Unaanza hivi: "Jaji alikasirika kitini alipoketi." Kisha jaji anatukana, na tusi lake linaimbwa kama lilivyoingia kwenye sikio la Mswahili: bilfuli, yaani "bloody fool" ya Kiingereza. Anawageukia mashahidi wa Kijiti na kusema atawafunga, Sumaili na binti Subeti, kwa majina.

Mtu asiyejua kisa akiusikia ubeti huo, anasikia haki ikitendeka. Kuna mwuaji, kuna jaji kakasirika, kuna watu wanafungwa. "Mashahidi wa Kijiti" wanaonekana ni watu wa upande wa Kijiti, waongo waliokuja kumtetea, na jaji kawakamata. Unaweza kuupigia makofi ubeti huo. Dijei aliniambia kwamba hata yeye, alipoanza kuamini kuwa kuna mauaji humu ndani, aliona angalau mwisho wake ni mzuri, serikali imefanya kazi yake. Msikilizaji wa Ng'ambo aliuona ubeti huohuo kama kofi. Kwake, mashahidi ni marafiki wa marehemu, wanawake maskini waliojitokeza kusema ukweli mbele ya jaji Mwingereza wa enzi za ukoloni, na malipo yao yakawa tusi na jela. Maneno hayajabadilika hata silabi moja. Imebadilika habari tu, na wimbo umegeuka kutoka kuisifu mahakama hadi kuishitaki.

Hapa ndipo naona maana iliyofichika ya Kijiti ilipo hasa. Si kwamba kuna mauaji. Hilo lilisemwa mstari wa tatu. Ni kwamba ndani ya wimbo kuna makosa mawili, la maguguni na la kitini, na mshairi ameyapanga yalingane. Vina vinathibitisha. Ubeti wa kwanza umefungwa kwa "-ti": Kijiti, foliti, maiti. Jina, mchezo, mzoga, vimesimama mstari mmoja kama vitu vya daraja moja. Ubeti wa jaji nao umefungwa kwa "-ti" ileile: alipoketi, Kijiti, Subeti. Mshairi angeweza kubadili kina cha ubeti huo kama wanavyobadili kila siku. Kwa kukiacha vilevile, sauti iliyomfunga Kijiti na maiti ndiyo inayomfunga jaji aliyeketi na mwanamke anayepelekwa jela. Sidai kwamba Siti na wenzake walikaa wakapanga hivyo kwa hesabu. Sikio la mshairi hufanya mambo mengi bila kuagizwa.

Na wenzake ni muhimu kuwataja, maana Kijiti si kazi ya mtu mmoja chumbani. Siti alizaliwa Fumba mwaka 1880, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, akaitwa Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, yeye akiwa kijana. Aliingia mjini mnamo 1911, akajifunza kuimba, na kundi lake likawa na wapigaji kama Subeit bin Ambar, Mbaruk Effandi na Budda bin Mwendo. Kabla yao taarabu ilikuwa jambo la kasri, tangu Sultani Barghash alipomtuma mtu Misri kujifunza, na iliimbwa Kiarabu. Wao waliiimba Kiswahili. Mwaka 1928 walisafiri Bombay kurekodi, na kufikia 1931 sahani zao zilikuwa zimeuzwa 72,000, idadi ambayo kampuni iliyozirekodi haikuitarajia Afrika Mashariki.

Lakini Kijiti hakielezwi na Bombay. Kinaelezwa na Ng'ambo usiku. Kundi lilikutana nyumbani kufanya mazoezi, majirani wakaja, na mazungumzo ya siku yakaingia: nani kaibiwa, nani kadhulumiwa, kesi gani imesomwa leo. Kati ya mazungumzo hayo na wimbo hapakuwa na ukuta. Mtu aliyekuja kusikiliza ndiye aliyeleta habari, na juma lililofuata alikuja kuisikia habari yake ikiwa na vina. Mtaa huo haukuwa na imani na mahakama. Mwaka 1928, mwaka uleule wa Bombay, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi ya viwanja walivyojenga nyumba zao, na baadhi yao walipopelekwa kortini umati ukaenda kuwatoa. Mtu wa huko aliposikia "jaji alikasirika", hakuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Kwa hiyo wimbo ukawa kikao cha pili cha kesi. Hukumu ya kwanza ilitolewa na Mwingereza kitini. Ya pili ilitolewa sebuleni. Na adhabu zake ni zile tu ambazo watu wasio na askari wala jela wanazo. Kwanza ni kumtangaza: tazameni tazameni. Pili ni kumpa onyo la kejeli, asithubutu kwenda Dar es Salaam, maana huko anangojwa na kijana mwenye wembe. Tatu ni laana: Mola akupe matende. Tusisahau matende yalikuwa nini mwambao enzi hizo, ugonjwa unaoonekana na kila mtu, usiofichika ndani ya kanzu. Aliyekimbia ili asionekane anaombewa mguu utakaomwonyesha popote atakapokwenda. Huo ubeti mimi naupenda kuliko yote, na nakubali si jambo zuri kuupenda.

Kuna hoja moja inayopingana na ninachosema, na dijei ndiye aliyeitoa. Wimbo nao si unawalaumu wale wanawake? Unasema waliondoka nyumbani bila kuaga, unataja pombe. Si ni mafundisho kwa wasichana, mkitoka usiku na walevi mtakiona? Nimeipima hoja hiyo. Ni kweli kwamba ubeti wa safari unaweza kusomwa hivyo, na sishangai kama kuna mama aliyewahi kuutumia kumtisha binti yake. Lakini ubeti huo umeimbwa kwa "sisi". Tuliondoka, tulibeba. Mwimbaji amejitia ndani ya msafara, kabeba kikapu naye. Ukitaka kumlaumu mtu husemi "sisi". Tena zingatia wimbo unavyowagawia watu laana: Kijiti analaaniwa, jaji anaigizwa kwa tusi lake mwenyewe, wanawake hawalaaniwi popote. Pombe kali ilikuwa marufuku kwa wenyeji chini ya utawala ule, na ndiyo iliyompa jaji kamba ya kuwafunga. Wimbo unaitaja pombe bila kuiona aibu, kama kitu cha watu wanaokwenda kustarehe.

Linalonisumbua mimi ni jambo jingine. Kijiti ametajwa, Sumaili ametajwa, binti Subeti ametajwa, hata Chukwani imetajwa. Marehemu ni "mgeni". Wimbo uliokusudiwa kumdai haki haukumpa jina. Huenda alikuwa na jina walilolijua wote, huenda "mgeni" peke yake iliuma zaidi katika mji ambao mgeni ni amana ya mwenyeji. Vyovyote, matokeo yake ni kwamba leo mwuaji ana wimbo wenye jina lake, na watu wanauomba kwa jina hilo: "Tupigie Kijiti."

Basi turudi kwa tatizo la dijei, kwa kuwa hakunipigia simu ili apate somo la historia. Alitaka kujua afanye nini. Shangazi wa binti, aliyemlipa, aliposimuliwa alicheka tu. Wimbo hauui mtu, alisema. Ungekuwa unaua, Bi Kidude angekuwa kamaliza Unguja nzima. Ana haki yake. Nyimbo huishi kuliko kesi zake, na watu waliocheza Kijiti kwa miaka mingi bila kujua hawakumkosea mtu. Bi Kidude mwenyewe, aliyekijua kisa vizuri, aliuimba mbele ya watu wanaocheza, na hakuwakemea.

Hata hivyo kwa siku ile mimi nasimama na bibi. Yeye hakusema wimbo una mkosi. Alisema mpangilio wa siku ile umeufanya wimbo useme jambo ambalo hakuna aliyekusudia kulisema: binti wa Dar es Salaam anakabidhiwa watu wa Unguja, na wimbo unaowapokea ni wa binti wa Dar es Salaam aliyekabidhiwa watu wa Unguja. Hapo si suala la kujua historia. Ni sawa na kusoma shairi la ajali ya meli kwa watu wanaopanda boti.

Katika kuongea tukagundua kitu ambacho kinaeleza, kuliko tafsiri zote za mafumbo, kwa nini hakuwahi kukisikia kisa. Dijei hapigi wimbo mzima. Kwenye sherehe hakuna anayepiga taarabu nzima. Ubeti wa kwanza, wa pili, fidla ikichanganya anaingiza kingine, maana keki inasubiri. Katika miaka yake yote ya kazi, ukumbi haujawahi kufika kwa jaji. Alikuwa akiwapa watu ngoma ya Chukwani na kuwatoa kabla ya Sharifumsa, na hata nyumbani alikuwa ameshauzoea wimbo kwa kipimo hicho, kwamba baada ya beti mbili masikio yanalala.

Sasa Kijiti hakimo tena kwenye orodha yake ya kuaga mabinti. Amekihamishia kwenye usiku wa zilipendwa anaoupiga kwenye baa moja ya jirani, ambako watu huketi na hakuna keki. Huko anakiacha kiende mpaka laana. Anasema wachezaji hupungua kidogo kwenye ubeti wa jaji, wengine wakidhani wimbo umekwisha. Mara moja mteja alimtaka akikate, akamjibu angoje, bado hajafungwa mtu.